Kabla dunia haijawajua: Kate Winslet na wenzake ndani ya Sense and Sensibility (1995)

Watu wengi huku kwetu Kate Winslet wanamjua kwa ile meli tu. Ukimtaja mtu anakwambia aah, yule dada wa Titanic, basi stori imeishia hapo. Sasa mimi nasema hivi, miaka miwili kabla ya ile meli kuzama kwenye kila tivii ya Afrika Mashariki huyu dada alikuwa ameshafanya kazi ambayo mimi naiweka juu ya Titanic bila wasiwasi wowote, na wakati wanaishuti alikuwa na miaka 19 tu. Muvi inaitwa Sense and Sensibility, ya 1995, dairekta ni Ang Lee, na imejaa waigizaji wa Uingereza ambao leo ukiwaona unaanza kunyoosha kidole, huyu namjua, huyu pia namjua, kumbe na huyu yumo, lakini wakati ule wengine dunia ilikuwa bado haijawajua kabisa na wengine iliwajua kwa sura moja tu. Hapa Arua, Uganda, sijakutana na watu wengi walioiona, kwa hiyo acha niiseme.

Najua hizi muvi za wazungu wa zamani zinafukuza watu. Magauni marefu, chai, farasi, hakuna risasi hata moja. Kwenye kibanda cha video ukiweka kitu kama hiki tena bila VJ wa kuitafsiri watu watadai hela yao warudishiwe. Lakini we vumilia dakika kumi za mwanzo, manake hizo dakika kumi ni stori ambayo hakuna mtu wa Uganda anahitaji kutafsiriwa.

Mzee Dashwood anakufa. (Huyo mzee aliyelala kitandani ni Tom Wilkinson, anaonekana kidogo sana alafu basi, lakini macho yake yanakaa na wewe.) Ana mtoto wa kiume kwa mke wa kwanza, na mke wa pili aliyezaa naye mabinti watatu. Nyumba na mali yote inaenda kwa yule wa kiume, ndo utaratibu ulivyo, mzee hawezi kuubadilisha, kwa hiyo anamshika kijana wake mkono anamwomba awaangalie mama wa kambo na wadogo zake. Kijana anaapa. Anaapa kweli, nafikiri hata moyoni mwake anamaanisha, anataka kuwapa pauni 3,000. Kisha anaenda nyumbani anamwambia mkewe.

Hiyo sini ya John na mkewe Fanny mimi naiona ni moja ya sini bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu pesa za marehemu. Wanaongea wakiwa nyumbani, wanaongea wakiwa ndani ya gari la farasi, na kila wakikata kona ile hela inapungua. 3,000 inakuwa 1,500. Baadaye inakuwa 100 kwa mwaka. Baadaye inakuwa 20 mara mojamoja. Mpaka wanafika kwenye ile nyumba kubwa imeshakuwa hakuna kitu, ila kuwasaidia tu pale inapobidi, na bwana anashuka roho yake imetulia kabisa anaona ametimiza ahadi ya baba. Harriet Walter ndo anacheza huyo Fanny na kwenye hiyo sini hapandishi sauti hata mara moja, anaongea kwa upole, anamuonea mumewe huruma kabisa kwa jinsi mama wa kambo atakavyomfilisi. Shangazi yangu alinyamaza kimya kwenye hiyo sini alafu akasema huyu mwanamke namjua, na akataja mtu wa ukoo ambaye siwezi kumtaja hapa. Nani kwetu hajasikia mjane aliyeambiwa aondoke kabla hata udongo wa kaburi haujakauka? Sheria ya urithi ya Uganda ilirekebishwa 2022 na kati ya mambo yaliyokuwa yanapigiwa kelele ni hayohayo, mjane na nyumba aliyokuwa anaishi na mumewe. Kitabu chenyewe kilitoka 1811, ni cha Jane Austen, lakini ukiangalia ile sini huwezi kusema hawa ni watu wa mbali.

Basi mama na mabinti wanahama, wanaenda kuishi kwenye nyumba ndogo ya ndugu huko Devon, hela yao ni pauni 500 kwa mwaka watu wanne. Binti mkubwa ni Elinor, ndo Emma Thompson, yeye anafunga kila kitu moyoni. Wa pili ni Marianne, ndo Kate Winslet, yeye hafungi kitu chochote. Wa mwisho ni Margaret, mtoto, anataka kuwa haramia. Muvi yote inasimama juu ya hao wawili wa kwanza, mmoja anaficha mmoja anamwaga, na wote wawili wanaumizwa na wanaume.

Kabla sijafika kwa Kate lazima niseme hii ya Mto Nile. Mwanzoni kabisa kabla hawajahama, Margaret amekasirika amejificha chini ya meza kwenye maktaba hataki kutoka. Anakuja Edward, kaka yake Fanny, ni Hugh Grant, anamuona mguu pale chini ya meza lakini hamtoi. Anaanza kuongea na Elinor kwa sauti, ati anatafuta ramani aone Nile iko wapi, dada yake amemwambia iko Amerika Kusini. Elinor anaelewa mchezo papo hapo anajibu hapana, nafikiri iko Ubelgiji. Wanaendelea hivyohivyo kuharibu jiografia ya dunia mpaka yule mtoto anashindwa kuvumilia anatoka chini ya meza kuwarekebisha, chanzo cha Nile kiko Abyssinia!

Sebuleni kwetu watu walipiga kelele JINJA. Wote. Sisi tunaovuka Nile pale Pakwach kila tukienda Kampala ukituambia Abyssinia tutabishana na wewe mpaka asubuhi. Lakini mtoto yuko sawa kwa wakati wake, manake Abyssinia ndo Ethiopia ya leo, na msafiri James Bruce ndo alikuwa amefika huko kwenye chanzo cha Nile ya Bluu mwaka 1770, na msafiri mwingine, Speke, alikuja kufika pale Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, 1862, miaka hamsini na kitu baada ya kitabu hiki kutoka. Kwa hiyo wazungu wa wakati wa Margaret jina la Jinja walikuwa hawajalisikia. Na ujue hiyo sini kwenye kitabu haipo, Emma Thompson ndo aliandika skripti ya muvi nzima na yule Margaret kwenye kitabu karibu hafanyi kitu, yeye ndo akampa maisha. Angalia uso wa Elinor wakati huo mchezo unaendelea, hapo ndo anampenda Edward, hasemi, wala yeye hasemi, ila sisi tumeshajua. Emilie François aliyecheza Margaret alikuwa mtoto mdogo na anashindana na watu wazima bila kuogopa, kila akiingia kwenye sini unamwangalia yeye.

Sasa Kate.

Kwanza hakuitwa kwa Marianne. Ang Lee alikuwa amemuwazia ile nafasi ndogo ya Lucy Steele, yule msichana anayemng'ang'ania Edward, yeye akaja kwenye usaili akafanya kama vile ameitwa kwa Marianne, akasoma Marianne, akaipata. Alikuwa ana muvi moja tu kubwa nyuma yake, Heavenly Creatures ya 1994. Na mimi nikimwangalia naona kabisa mtu ambaye ameingia kwa nguvu yake mwenyewe, kuna njaa fulani kwenye ile kazi, njaa ya mtu anayetaka kila sini iwe kweli.

Kitu cha kwanza angalia anavyopumua. Waigizaji wengi wachanga wakitaka kuonyesha mapenzi wanaonyesha kwa macho, wanalegeza macho basi. Huyu anaonyesha kwa kifua. Ile siku ameanguka mlimani kwenye mvua akateguka mguu, akatokea kijana mmoja anaitwa Willoughby na farasi wake mweupe akambeba mpaka nyumbani, mwangalie akiwa amekaa pale kwenye kiti amelowa, wenzake wanaongea na mgeni, yeye pumzi hazimtoshi, na sio maumivu ya mguu. Hajasema neno la mapenzi hata moja na we umeshajua kwamba huyu binti ameisha.

Alafu anavyosikiliza muziki, anavyosoma mashairi. Kuna mahali anamsikiliza Edward akisoma shairi vibaya, Hugh Grant anasoma kama karani anayesoma orodha, na Kate anateseka kabisa, anamnyang'anya kitabu anamwonyesha inavyosomwa. Ni ya kuchekesha ila pia inakuonyesha Marianne ni mtu gani, kwake mtu asiyesoma shairi kwa moto hawezi kuwa na moyo. Msichana wa miaka 17 anaamini hivyo na Kate haamini kidogo, anaamini lote. Hamchezi Marianne kwa kumcheka. Mtu mzima angeweza kushawishika kumcheza kama mtoto mjinga ambaye sisi watazamaji tumemzidi akili, yeye hapana, anasimama upande wa Marianne mwanzo mpaka mwisho, hata pale Marianne anapokosea vibaya na kumuumiza dada yake.

Na anaimba mwenyewe. Ile sini ya kwa Sir John, yule ndugu aliyewapa nyumba, ambapo anakaa kwenye piano anaimba, na Kanali Brandon, rafiki wa Sir John, anaingia anasimama mlangoni hajavua hata koti, hiyo ni sauti yake.

Lakini ile ambayo mimi nikiambiwa nichague moja tu ndo nitachagua ni ya London. Willoughby aliondoka ghafla bila maelezo, Marianne amemwandikia barua juu ya barua hakuna jibu, sasa wako kwenye dansi kubwa, watu wamejaa joto limejaa, anamuona ng'ambo ya ukumbi. Anamwita kwa jina. Kwa sauti. Ukumbi mzima unageuka, na we mtazamaji unataka kumfunika mdomo, mdogo wangu usifanye hivi mbele za watu. Yeye haoni watu, anaona mmoja tu, uso wake umefunguka wote unang'aa, anatembea kwenda kwake mkono umenyooka. Na yule bwana anainama kidogo anamjibu kwa baridi kama anamjibu mtu wa dukani. Kamera inakaa usoni kwa Kate unaona ile furaha haishuki mara moja, inabaki pale sekunde kadhaa haijapata habari, alafu ndo inaanza kuondoka, kwanza kwenye macho, mwisho kwenye mdomo. Nimeona waigizaji wa miaka hamsini kwenye kazi ambao hawawezi kufanya hivyo. Baadaye inajulikana kwamba Willoughby anaoa msichana mwenye pauni 50,000, na hapo unarudi kwenye ile sini ya gari la farasi, pesa ndo iliamua mwanzo na pesa imeamua tena.

Kuna na ile ya mlimani, mvua inanyesha, anasimama anaangalia kwa mbali nyumba ambayo ingekuwa yake, anasema mistari ya Shakespeare kuhusu mapenzi yasiyobadilika, sauti imekauka. Anaugua homa karibu afe. Sini ya homa Kate analala tu, na kazi yote inakuwa ya Emma Thompson anayemlilia asimwache peke yake.

Ambayo inanileta kwa Emma. Yeye hakuwa mchanga, alishachukua Oska ya uigizaji kwa Howards End, na hii ya 1995 ikampa Oska nyingine ya skripti, mtu pekee duniani mwenye ya kuigiza na ya kuandika. Aliiandika kwa miaka mitano hivi. Nimemtaja kwa sababu bila yeye kazi ya Kate isingeonekana ukubwa wake. Elinor amebeba siri, Lucy Steele amemwambia kwamba amechumbiana kwa siri na Edward kwa miaka mitano, amemwapisha asimwambie mtu, na Elinor anatembea na hilo jiwe moyoni huku mdogo wake analia kwa sauti kila siku nyumba nzima inamhudumia. Mpaka siku moja Marianne anamwambia wewe huna moyo. Hapo Elinor anapasuka, dakika moja tu, anamuuliza unajua nini wewe kuhusu moyo wangu, unajua maumivu ya nani zaidi ya yako. Na mwangalie Kate hapo tafadhali, Emma ndo anaongea lakini mwangalie Kate, ile sura ya mdogo mtu anayegundua kwamba dada yake amekuwa akiumia pembeni yake siku zote na yeye hakuuliza. Analia yeye, na Elinor aliyeumizwa ndo anambembeleza. Nyie mlio dada wakubwa mnaijua hiyo.

Sini yangu ya kucheka pia ni ya Elinor. Willoughby ndo kwanza ameondoka, mama anakimbilia chumbani analia anafunga mlango, Marianne analia anafunga mlango, mpaka Margaret naye analia anafunga mlango, Elinor amebaki kwenye ngazi na kikombe cha chai alichomletea mgonjwa. Anaangalia milango. Anakaa kwenye ngazi anakunywa chai yake. Nyumba ya wanawake watupu, ndo hivyo kabisa.

Hugh Grant sitakaa naye sana. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametikisa dunia na Four Weddings and a Funeral, na hapa anatumia vitu vilevile, kigugumizi kidogo, shingo ndani, kukwepa macho. Inafaa kwa Edward ila kuna mahali inazidi, unataka kumwambia bwana simama wima. Anajiokoa mwishoni, anapokuja kuwaambia kwamba sio yeye aliyeoa Lucy, ni kaka yake. Elinor aliyejibana muvi nzima anatoa kilio ambacho hata sijui nikiite nini, kinamtoka kama mtu aliyezama alafu akapata hewa, ndugu zake wote wanatoka chumbani kwa aibu, na Margaret anapanda juu ya ile nyumba yake ya mtini anawatangazia wenzake anachokiona huko ndani, anapiga magoti! Hapo Grant ametulia, hana mbwembwe, na ni mzuri.

Alan Rickman sasa, ndo Kanali Brandon. Kabla ya hapa dunia ilimjua kwa ubaya. Yule jambazi wa Die Hard ya 1988, yule mkuu wa Nottingham kwenye Robin Hood ya 1991. Unamuona anaingia pale mlangoni unasubiri afanye kitu kibaya, na anachofanya ni kusimama kusikiliza msichana akiimba. Muvi nzima anasimama. Anasimama mlangoni, anasimama dirishani, anasimama nje ya chumba cha mgonjwa anaomba apewe kazi yoyote ya kufanya la sivyo atapata wazimu, na hapo ile sauti yake nzito inapasuka kidogo tu. Kuna sini fupi sana Marianne anakata matete pembeni ya maji kwa shida, Brandon anampa kisu chake, basi, anapokea anakata. Hakuna maneno yoyote ya mapenzi lakini mimi naona ndoa yao ilianzia kwenye kile kisu. Kizazi cha Harry Potter wanamjua kwa Snape, waje waone huyu.

Na tukisema Harry Potter, hii muvi ni kama walikusanyika mapema. Emma Thompson ni yule mwalimu wa utabiri. Mama wa mabinti, Gemma Jones, ndo nesi wa shule. Sir John ni Robert Hardy, yule waziri Fudge. Bi Jennings mama mmbea mwenye moyo mkubwa ni Elizabeth Spriggs, yule mama mnene wa kwenye picha ukutani, muvi ya kwanza. Na Charlotte Palmer, yule mdada anayeongea bila kupumua na kucheka kila baada ya neno, kaa vizuri, ni Imelda Staunton. Umbridge, yule mwalimu katili! Binamu zangu walikataa katakata. Hawakuamini mpaka majina yalipopita mwishoni.

Huyo Imelda na mumewe kwenye muvi, Hugh Laurie, ndo wawili ninaowapenda kupita kiasi baada ya Kate. Leo Laurie ni Dokta House, tangu 2004 dunia nzima inamjua hivyo, lakini 1995 nje ya Uingereza watu wachache walimjua, na kwao kwenyewe alikuwa mtu wa vichekesho vya tivii. Hapa anacheza Bwana Palmer, mume aliyechoka na kelele, amejificha nyuma ya gazeti, anajibu neno moja au hajibu. Mke anacheka ati mume wangu mcheshi sana, yeye hata haangalii. Sini zake nyingi ni hizo na ukihesabu maneno yake ni machache sana, ila kila likitoka linapiga palipokusudiwa. Alafu Marianne anaugua ndani ya nyumba yake. Daktari anasema homa inaambukiza, Palmer ana mtoto mchanga inabidi aondoe familia, na kabla hajapanda gari anamgeukia Elinor anamwambia kwa utulivu kabisa kwamba kama anataka abaki, yeye atabaki. Sekunde chache. Yule mtu wa gazeti kumbe alikuwa mtu wakati wote. Kuna waigizaji wanapewa saa mbili nzima hawatufikishi hapo.

Imogen Stubbs aliyecheza Lucy Steele pia asisahaulike, ile nafasi ambayo ilikuwa iende kwa Kate. Tabasamu tamu, sauti ndogo, anamshika Elinor mkono kama rafiki huku anamchoma, na anajua anachofanya. Mimi nafikiri Ang Lee alipata bahati, kila mmoja alikaa pale alipotakiwa.

Yeye mwenyewe Ang Lee ni mtu wa Taiwan, na hii ndo muvi yake ya kwanza ya Kiingereza. Watu huuliza Mtaiwan anajua nini kuhusu Uingereza ya zamani, mimi naona anajua kabisa, anajua nyumba ambayo heshima inakuja kabla ya unachotaka, anajua chakula mezani ambacho watu wanne wanakula na watatu wana siri. Mtu wa huku pia anaijua hiyo meza. Na hakimbizi kamera, anaiacha mbali kidogo, anawaacha waigizaji wachanga wamalize wazo lao usoni ndo anakata, ile sini ya dansi niliyoisema ingeharibika mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Makosa yapo. Ile stori ya Brandon ya mapenzi yake ya zamani na yule mtoto aliyemlea, inasimuliwa yote kwa mdomo kwa mara moja, majina ya watu ambao hatujawahi kuwaona, ukikosa kidogo umepotea, sebuleni ilibidi turudishe nyuma tusikilize tena. Na Marianne kumpenda Brandon mwishoni kumekuja mbio, ameugua, amepona, anasomewa kitabu, mara harusi na Kanali anarusha sarafu juu. Nilitaka dakika kumi zaidi hapo. Mama mdogo yeye shida yake ilikuwa umri, Rickman alikuwa na miaka 49 na Kate 19, kwenye kitabu Brandon ni wa 35, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kusema angalia anavyomtazama, hamtazami kama kitu anachotaka kununua, tofauti na wanaume karibu wote wa kwenye hii stori. Hakukubali.

Kiingereza chake ni kigumu, kile cha kizamani kinachozunguka, kwa hiyo weka maandishi chini hata kama unajiamini. Na tafuta kopi safi, kuna zile za kwenye flashi ambazo giza linameza sini zote za mishumaa na mishumaa ni mingi. Ukipata nzuri utaona mandhari ya Devon, utaona nyumba ya Saltram ndo ile kubwa wanayofukuzwa, na Montacute kule Somerset ndo kwa kina Palmer. Nguo ni za Jenny Beavan na John Bright, na utaona mabinti wakishahamia nyumba ndogo magauni yanaanza kujirudia, yaleyale, hakuna anayesema kitu ila hela imekwisha unaiona mwilini.

Oska waliitwa mara saba wakapata ile moja ya skripti. Kate aliitwa akakosa, BAFTA, tuzo za Uingereza, wao wakampa. Mimi ningempa zote.

Ni saa mbili na dakika kumi na sita, hakuna kitu cha kukufanya ubadilishe chaneli mbele ya wazazi, watoto wa sekondari wanaelewa. Angalia na dada zako kama unao, na kama mna la zamani mnalodaiana jiandaeni, manake baada ya ile sini ya Elinor kupasuka sisi ilibidi tuizime kwanza, dada yangu mkubwa alikuwa na mambo ya kuniambia na tuliongea mpaka Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha.